Kusikia Wimbo Bila Kuugeuza

Mjomba wangu alikwenda Nairobi mara moja tu maishani mwake. Aliondoka Sibwesa Januari 1977, akiwa na miaka 20, katikati ya palizi, akiwa ameaga kwamba anakwenda Mpanda kuuza migebuka mikavu na atarudi baada ya siku nne. Alirudi Desemba 1983. Ukimuuliza alifuata nini huko, hakupi hadithi ya kazi wala ya shule. Atakwambia bila kupepesa macho kwamba alikwenda kutazama bendi.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kuuliza watu maswali ndiyo kazi inayonilisha, lakini habari hii ya nyumbani nimeikwepa muda mrefu kwa sababu mama yangu, ambaye ni dada yake, haipendi. Kwa mama hii si hadithi ya muziki. Ni hadithi ya mtu ambaye hakumzika mama yake mzazi.

Kwa asiyepajua kwetu: Sibwesa ni kijiji cha wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi. Mkoa wenyewe bado mtoto, umeanza 2012. Enzi za mjomba, Mpanda ilikuwa chini ya mkoa wa Rukwa, nao ulikuwa mchanga vilevile, wa 1974. Mjomba alikuwa akifuata samaki Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na kuwapeleka Mpanda kwenye reli. Reli ile Waingereza waliijenga kwa ajili ya risasi ya machimbo ya Uruwira (risasi ya madini, si ya bunduki). Machimbo yakafa, reli ikabaki inabeba watu, tumbaku na magunia ya samaki, na pia ikabeba kitu ambacho vitabu vya reli havikitaji, yaani nyimbo.

Nyimbo zilitufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa redio, hasa usiku, Radio Tanzania Dar es Salaam ikija na kupotea kama mtu anayeongea huku upepo unavuma. Ya pili ilikuwa santuri. Kulikuwa na baa moja Mpanda yenye gramafoni ya betri, na mjomba akishauza samaki wake alikuwa anakaa pale na soda moja mpaka wamchoke.

Sasa, msomaji uliyezaliwa wakati wa kanda au wa simu, naomba nikueleze jambo moja kuhusu zile sahani ndogo, kwa sababu bila hilo huwezi kumwelewa mjomba. Sahani ya mizunguko 45 kwa dakika ilikuwa inabeba dakika chache tu kila upande. Muziki wa dansi, wa kwetu na wa Kongo, haukutungwa kwa dakika chache. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anaeleza shida zake, waitikiaji wanamjibu, halafu magitaa yanashika usukani, mwendo unakaza, na hapo ndipo watu wanapoacha viti. Watengenezaji wa santuri walipata dawa rahisi, wakaukata wimbo. Sehemu ya kwanza ikakaa upande A, ya pili upande B. Kwa hiyo pale hasa wimbo unapotaka kuchemka, sauti inafifia, sindano inakwaruza, mtu anainuka kwenda kugeuza sahani, na miguu iliyokwisha kuinuliwa inabaki hewani.

“Nilitaka kuusikia wimbo bila kuugeuza,” mjomba ananiambia. Hiyo ndiyo sababu yake yote. Nimejaribu mara nyingi kumtafutia sababu kubwa zaidi, akakataa.

Si kwamba hakuwahi kuona bendi. Ukipanda treni ya Mpanda utafika Tabora upende usipende, na Tabora ulikuwa mji wa muziki haswa: palikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, palikuwa na Tabora Jazz iliyompata Shem Karenga, mtu aliyeanzia muziki wake Kigoma. Mjomba alishalala stesheni ya Tabora zaidi ya mara moja baada ya dansi. Lakini sahani iliyomkamata, ile ya kwenye baa ya Mpanda, ilikuwa ya Simba Wanyika, na Simba Wanyika hawakuwa Tabora wala Dar es Salaam. Walikuwa Nairobi.

Hapo pana kichekesho cha kihistoria. Simba Wanyika walikuwa Watanzania. Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George walitoka Tanga, wakapitia Jamhuri Jazz, wakahamia Arusha, na mwaka 1971 wakavuka kwenda Nairobi. Walikuwa na sababu nzuri. Kwetu bendi nyingi zilikuwa chini ya taasisi: NUTA Jazz, kwa mfano, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, mwanamuziki anapokea mshahara na vyombo si vyake. Ulikuwa mpango wenye utulivu wake, sibezi. Lakini Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, Nairobi ilikuwa nacho, na aliyetaka jina lake lizunguke Afrika Mashariki nzima alikwenda huko. Wakongo nao walifuata njia hiyohiyo. Baba Gaston alitoka Lubumbashi, akapitia Dar es Salaam, akaishia Nairobi. Super Mazembe walipitia Zambia, wakaishia Nairobi. Historia ya dansi la Afrika Mashariki, ukiichora kwenye ramani, ni mistari ya wapiga magitaa wanaovuka mipaka.

Wote hao tunawajua kwa majina. Mstari wa mjomba haumo. Na sidhani alikuwa peke yake. Ukumbi wa Nairobi haukujazwa na Wanairobi watupu.

Alipanda treni mpaka Tabora, akabadilisha ya Mwanza, akachukua basi la Musoma, halafu Sirari, akavuka kwa miguu, na upande wa pili akapanda magari ya kuungaunga kupitia Kisii. Ilimchukua siku sita. Hakuwa na mwenyeji. Alikuwa na pesa ya samaki aliyoihesabu kwa wiki mbili, kwenda na kurudi, na shuka moja.

Usiku wa kwanza ukumbini anausimulia hivi: “Walianza saa tatu. Nikasimama karibu na spika mpaka sikio hili likaziba. Wimbo ulipofika pale unapokatika, mkono wangu ukainuka wenyewe, kama nataka kugeuza sahani. Haukukatika. George akaendelea, saksafoni ikaingia, ukaenda, ukaenda. Nikageuka nimwambie mtu. Kumbe pale sikuwa na mtu.”

Nilipoisikia sentensi hiyo ya mwisho kwa mara ya kwanza niliiacha ipite. Baadaye, nilipokwenda mwenyewe, niliielewa. Ukiwa na wenzako unapiga kelele, unamvuta mwenzio shati, “Umesikia hiyo?” Ukiwa peke yako furaha inakujaa mpaka inakuwa kama homa, na hakuna wa kumkabidhi. Mjomba alirudi ukumbini usiku wa pili, na wa tatu. Usiku wa nne pesa ya kurudia nyumbani ilianza kuguswa.

Kisha mpaka ukafungwa.

Hapa wanahistoria wanajua kila kitu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1967, ilikuwa imeoza kwa miaka kadhaa: Nyerere na Idi Amin hawakai meza moja, Dar es Salaam na Nairobi zinagombea nani anafaidi zaidi. Shirika la ndege la pamoja likaanguka mwanzoni mwa 1977. Kenya Airways ikaanza kuruka 4 Februari, na siku hizohizo, wakati kwetu watu wanashangilia kuzaliwa kwa Chama cha Mapinduzi tarehe 5, Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Magari ya watalii ya Kenya yakakamatwa yakiwa mbugani, na watalii wenyewe wakarudishwa kwa ndege. Mpaka ulikaa umefungwa mpaka Novemba 1983, na mkataba wa kugawana mali ya Jumuiya ukasainiwa Arusha Mei 1984, baada ya Mswisi Victor Umbricht kupatanisha kwa miaka. Mabehewa, meli, ndege na madeni vilitafutiwa mgawo. Bendi hazikugawanywa. Mpaka leo Simba Wanyika ni ya Wakenya ukiwa Nairobi na ya Watanzania ukiwa Tanga, na nadhani hilo ndilo suluhisho bora kuliko yote.

Mjomba alifika Isebania katikati ya Februari akakuta askari na umati. Akakaa siku mbili, akarudi Nairobi.

Kwa miaka mingi hivyo ndivyo nilivyosimuliwa: mpaka ulimfungia nje. Lakini kama mwandishi nilijua tangu mapema kwamba pana tundu katika habari hiyo. Wafugaji walikuwa wanavuka na ng'ombe. Wafanyabiashara wa Sirari walikuwa wanavuka na sabuni. Wanamuziki nao walivuka: Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, mtu ambaye 1970 alikuwa amepiga gitaa mpaka Osaka, Japani, alifariki katika ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, wakati mpaka umefungwa. Kama Mbaraka alikuwa Mombasa, basi njia zilikuwepo. Mama yangu huwa anasema kwa maneno machache zaidi: “Mpaka ulifungwa. Miguu yake haikufungwa.”

Miaka michache iliyopita nilimuuliza mjomba moja kwa moja. Tulikuwa nyuma ya nyumba yake Sibwesa, anapukuchua mahindi. Alinyamaza mpaka nikadhani hatajibu.

“Mwaka wa kwanza ni woga,” alisema. “Niliambiwa ukikamatwa unavuka unaitwa jasusi. Mwaka wa pili ni aibu. Nitarudije mikono mitupu, nimetoroka palizi?” Akapukuchua hindi jingine. “Ile mingine, mpwa wangu, niliipenda Nairobi. Usimwambie mama yako.”

Nimepata ruhusa yake kuiandika, na mama ameshasomewa. Hakusema kitu. Alisema tu kwamba alijua.

Lakini usidhani alikuwa anacheza dansi kila Jumamosi. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Aliyavuta mikokoteni Gikomba, akalala watu sita chumba kimoja, na kiingilio cha ukumbini kilikuwa sawa na chakula cha siku kadhaa. Mwaka mzima wa 1977 hakuingia tena hata mara moja. Alikuwa anasimama nje, karibu na ukuta wa nyuma, pamoja na wengine wasio na pesa. Anasema besi inapita ukutani vizuri, sauti ya mwimbaji haipiti. Mwaka 1978 Simba Wanyika ikapasuka, baadhi ya wapigaji wakatoka na mpiga ridhimu Omari Shabani kuanzisha Les Wanyika. Mjomba aliipata habari hiyo barabarani, kama mtu anayesikia wazazi wake wameachana. Mwaka uliofuata “Sina Makosa” ilikuwa katika kila duka la River Road, na yeye bado anavuta mkokoteni. Alikuwa amesafiri zaidi ya kilomita elfu moja ili asigeuze sahani, na sasa alikuwa anasikia santuri za madukani, zilizokatwa katikati kama ile ya Mpanda.

Bibi yangu alifariki 1980. Hakukuwa na namna ya kumtumia taarifa mtu ambaye hakuna aliyejua anakaa wapi. Matanga yakaanuliwa. Wengine walitaka na yeye awekewe matanga, bibi alikuwa amekataa kabla hajafa, alisema huyo yupo, amechelewa tu.

Alifika Desemba 1983, mwezi mmoja baada ya mpaka kufunguliwa, kupitia Namanga na Arusha, mchana, mama akiwa shambani. Alikuwa na begi la nguo na santuri moja, “Sina Makosa”, imefungwa kwenye gazeti na fulana. Mwaka ule kwetu ulikuwa mwaka wa foleni. Sabuni haionekani, sukari haionekani, betri za redio ndiyo kabisa. Aliyekuwa na gramafoni hakuwa na betri. Santuri ilikaa miezi kadhaa juu ya kabati haijagusa sindano, na mama anasema kila akiiona alikuwa anatamani kuivunja. Hakuivunja. Ipo mpaka leo, imepinda kidogo kwa joto.

Huwa tunapenda kusimulia safari za mashabiki zikiwa kubwa, zenye ndege na wafadhili. Chukua tamasha la Kinshasa, Zaire 74, Septemba 1974: James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Celia Cruz, Franco na Tabu Ley, siku tatu, lililopangwa kwenda sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Wageni wa kulipa walitarajiwa kufurika kutoka nje. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa mpaka 30 Oktoba, wageni wengi hawakuja, na muziki ukapigwa mbele ya Wakinshasa wenyewe. Filamu zimetengenezwa juu ya tamasha lile. Sina kinyongo nalo. Nasema tu kwamba shabiki aliyetarajiwa na waandaaji alibaki kwao, na muuza samaki wa Sibwesa ambaye hakutarajiwa na mtu yeyote alifika.

Mimi nilikwenda 2012. Nilikuwa na miaka 22, mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam, likizo. Mama nilimwambia ukweli, labda kwa sababu nilijua uongo wa siku nne ulivyoisha. Alichojibu ni maneno mawili: “Mmoja alitosha.” Halafu, baada ya muda: “Tena wewe ni msichana. Utalala wapi?” Sikuwa na jibu zuri. Mjomba alinipa shilingi 20,000 na jina la barabara, River Road, kana kwamba mji unaweza kukusubiri miaka 29 ukiwa vilevile.

Wenzangu chuoni walinicheka. Kila kitu kipo YouTube, unafuata nini? Ni kweli zipo. Lakini sikiliza vizuri nyimbo za enzi ile mtandaoni: nyingi zimechukuliwa kwenye zilezile sahani ndogo, na unasikia kabisa sauti inafifia, kimya kifupi, halafu muziki unarudi ukiwa umeshakaza. Mkato umehamia kwenye kompyuta. Tumerithi mpaka na kidonda.

Simba Wanyika haikuwepo tena. George alifariki 1992, Wilson 1995. Nilichofuata ni Les Mangelepa, Wakongo waliojitenga na Baba Gaston mwaka 1976, ambao mjomba alikuwa akiwasikia kupitia ukuta. Basi liliondoka Dar alfajiri, likaharibika njiani, nikaingia Nairobi usiku wa manane badala ya jioni. Nikakaa kituoni nimekumbatia begi mpaka kukapambazuka, nikijifanya namsubiri mtu. Mama alipiga simu mara tatu. Mara zote nilimwambia nimefika kwa mwenyeji wangu. Kwa hiyo na mimi nilidanganya.

Ijumaa nikaenda sehemu niliyoelekezwa, nikakuta bendi nyingine, vijana wanaopiga kopi za kila mtu. Jumamosi ndiyo niliwapata. Wazee wa makamo na zaidi jukwaani, mashati yamepigwa pasi. Wengi mezani walikuwa na umri wa kuwa baba zangu, wameketi wawili wawili na wake zao, na mimi mezani peke yangu na soda, kama mjomba kwenye baa ya Mpanda. Mhudumu aliniuliza mara mbili kama kuna mtu anakuja. Mama mmoja wa meza ya jirani, aliposikia Kiswahili changu, akaniuliza, “Wewe ni wa Tanzania? Umekuja na nani?” Nikamwambia nimekuja na mjomba. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alitazama kiti kitupu, akanisogezea sahani yake ya nyama.

Wimbo ulipofika pale, nilitazama saa. Nilitaka kuwa mwandishi, nipime. Ulipita dakika nne, saba, kumi, gitaa la solo likiuliza na la ridhimu likikataa kujibu, watu wote wamesimama, na yule mama akanivuta mkono nikaenda kucheza nao. Sikutazama saa tena.

Nilikuwa nimeiweka simu mezani irekodi kwa ajili ya mjomba. Ilikuwa simu ya bei nafuu, yenye nafasi ndogo. Niligundua baadaye, nikiwa kwenye basi karibu na Namanga, kwamba ilijaa na kujizima.

Nilimpelekea hivyohivyo Sibwesa. Aliishika kwa mikono miwili, akaiweka kwenye lile sikio zima. Waimbaji wakaimba, waitikiaji wakaitikia, mwendo ukaanza kukaza, kidole cha mjomba kikaanza kugonga goti. Kisha kimya. Alisubiri kidogo. Halafu akaigeuza simu, akatazama mgongo wake.

“Upande wa pili uko wapi?” akauliza.

Mama, aliyekuwa mlangoni anapepeta mchele na kujifanya hasikilizi, akaangua kicheko.